Mama anakuja kuuona Mlima Kilimanjaro: nimtembeze wapi Moshi na vijijini?

Mkazi Mpya wa Njoro

Habari zenu, wana Moshi. Nimehamishiwa hapa kikazi nikitokea Lindi, na mwezi wa nane mama yangu mzazi atakuja kunitembelea kwa wiki moja. Amezaliwa na kukulia pwani, hajawahi kufika ukanda huu, na haja yake ni kuuona mlima kwa macho yake na kujua watu wa huku wanaishije. Anatembea vizuri kwenye tambarare, lakini magoti yanamsumbua kwenye ngazi na miteremko. Kila ninayemuuliza kazini ananitajia kampuni za utalii na gharama za kupanda mlima, nami sitafuti hilo. Naomba mwongozo wa wenyeji: twende wapi, saa ngapi na kwa usafiri gani. Gari ninaweza kukodi siku moja tu. Siku nyingine tutapanda daladala.

Mzaliwa wa Marangu

Karibu Moshi, ndugu yangu, na mama naye tunamkaribisha sana. Nianze na mlima wenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti huku ni majira ya baridi na mawingu, na mgeni anaweza kukaa mjini siku mbili tatu asijue kuwa kuna mlima juu ya kichwa chake. Wanaouona majira hayo ni wanaodamka. Mwamshe mama saa kumi na mbili kasorobo, mvalishe sweta, mtoke mahali ambapo nyumba na miti haizibi upande wa kaskazini, kisha msubiri kupambazuke. Mawingu yakiwa yametulia, mtaiona Kibo, sehemu ya mlima iliyo pana na yenye barafu, ikiwa mbele yenu, na kulia kwake Mawenzi iliyochongoka, yenye urefu wa mita 5,149. Kibo ndiyo yenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Jua likishapanda mawingu hujikusanya upesi, na saa tatu au saa nne mara nyingi hakuna tena cha kuona. Jaribuni tena jioni kabla ya magharibi. Msikate tamaa kwa asubuhi moja.

Watu wengi hudhani kwamba ukiukaribia mlima ndipo unapouona vizuri zaidi, na hapo ndipo wageni wanapopoteza nauli. Ukifika Marangu, Kibosho au Machame umeshaingia chini ya migomba na miti, na mara nyingi huoni zaidi ya kilima kinachofuata. Mlima mzima huonekana kutoka mjini na, vizuri zaidi, kutoka tambarare za kusini. Vijijini mpeleke kwa ajili ya maisha ya watu, siyo kwa ajili ya mandhari ya kilele.

Kwa hilo, mimi ningemleta Marangu siku ya soko. Siku za soko hutofautiana kijiji kwa kijiji, kwa hiyo mwulize kondakta siku moja kabla. Mtapanda daladala stendi, mtapita Himo, na mtashuka Marangu Mtoni bila kutembea mlima wowote, maana barabara ni ya lami hadi hapo. Soko la Uchaggani ni la akina mama, na ukitaka kulielewa anzia kwenye ndizi. Mshare ni wa mtori, yaani supu nzito ya ndizi, na wa machalari, ndizi zinazopikwa na nyama. Mzuzu ni wa kukaanga au kuchoma. Kisukari huliwa mbivu. Na ziko nyingine ambazo muuzaji atakwambia moja kwa moja kuwa hizo ni za mbege, pombe yetu ya ndizi, usizipeleke jikoni. Mwache mama aulize mwenyewe. Mama wa Lindi na mama wa Marangu wakianza kuzungumzia bei ya chakula hawahitaji mtembezaji.

Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na hapo, lakini kuyafikia kwa chini kuna kushuka, kwa hiyo mama ayatazame kutoka juu. Mapango ambamo wazee wetu walijificha nyakati za vita ni membamba na ya kuinama. Hayo umwache kabisa.

Mama wa Uru

Mwanangu, umefanya vema kumwandalia mama yako. Wengi watakuambia umpeleke kwenye maporomoko ya Materuni, ambayo yako huku kwetu Uru. Ni mazuri kweli, ila njia yake ni nyembamba, inapanda na kushuka, na mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu huteleza vibaya sana. Kwa magoti hayo, hapana. Hata hivyo, usiache kuja Uru, kwa sababu penye maporomoko hayo ndipo pia zilipo familia zinazowaonyesha wageni kahawa tangu ikiwa mtini hadi kikombeni, na hiyo mama anaweza kuifuata akiwa ameketi kwenye kigoda. Kahawa hutwangwa kwenye kinu ili kutoa ganda, ikapepetwa, ikakaangwa kwenye chungu juu ya moto wa kuni, kisha ikatwangwa tena hadi iwe unga. Wakati wa kutwanga watu huimba, na mgeni hupewa mchi naye atwange. Agosti mara nyingi mavuno yanaendelea, kwa hiyo atazikuta buni nyekundu mtini.

Muonyeshe kihamba chenyewe, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilivyopangwa. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe wako bandani, wanaletewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudi shambani. Shamba hilo hilo dogo limelisha vizazi kwa vizazi. Katikati hupita mfereji, ambao wazee huuita mfongo, unaoleta maji kutoka juu msituni. Kila nyumba ina zamu yake, na zamu yako ikifika unaondoa kizuizi cha udongo na magome ya mgomba, maji yanaingia kwako. Kuiba zamu ya jirani ni jambo la aibu kubwa.

Na umwambie asichume majani marefu ya kijani atakayoyaona mpakani mwa viwanja. Hayo ni masale. Ndiyo mpaka wetu, na ndiyo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Akikujia nalo, ni vigumu sana kumkatalia.

Dereva wa Boma

Nakubaliana na waliotangulia, lakini nasikitika kwamba Moshi ya chini husahaulika. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, tambarare ndizo zinazofaa. Siku ya kukodi gari itumieni kwenda chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi huziita Chemka. Mtafuata barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, kisha mtaingia kushoto kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, na ndiyo maana nasema gari, siyo bodaboda. Maji si ya moto, ni ya uvuguvugu, nayo ni maangavu kiasi kwamba unaona mizizi ya miti ikizama hadi chini. Mama akae pembeni, atumbukize miguu, samaki wadogo watakuja kumdonoa nyayo. Nendeni siku ya kazi na mfike mapema. Jumamosi na Jumapili vijana hujaa na muziki huwa mkubwa. Kuna kiingilio, na mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo mbebe vitambulisho.

Siku nyingine, bila gari, nendeni msitu wa Rau. Uko ukingoni mwa mji, ardhi yake ni tambarare, na ndani mna miti mikubwa ya mvule na kima wanaoruka juu kwa juu. Mkitaka kuona zaidi, endeleeni hadi mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yaliyo kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Asubuhi isiyo na mawingu, mlima huonekana wote juu ya mpunga ule. Kwangu mimi hapo ndipo mahali bora pa kuutazamia.

Mkazi Mpya wa Njoro

Nawashukuru kwa moyo wote, hasa wewe mama yangu wa Uru; shikamoo. Nimebakiwa na swali moja. Mama ni Mwislamu anayeshika dini yake, na nimesikia kwamba vijijini mgeni hukaribishwa kwa mbege. Sitaki amkwaze mwenyeji, wala yeye akwazike. Ale nini akiwa huko?

Mama wa Uru

Marahaba, mwanangu. Hilo lisikutie hofu. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na hakuna mzee atakayeudhika ukisema mapema kwamba mama hatumii. Sema tu mkifika, kabla kata ya pombe haijaletwa, naye ataletewa chai ya maziwa au kahawa. Kuhusu nyama uwe makini, kwa sababu vijijini huku nguruwe huliwa sana na sufuria huenda ni hizo hizo. Waombe wampikie kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kisiwe na nyama, na uwaeleze sababu ya kutaka sufuria safi. Wataelewa, kwa kuwa hapa tunaishi na Waislamu tangu zamani. Mtori wa nyama mtauacha hadi mrudi mjini, ambako katikati ya mji kuna migahawa mingi ya Waislamu inayoupika vizuri. Mkija siku ya soko, mniandikie hapa mapema, nitawaelekeza nyumba ya kufikia.