Panga linakuja Desemba: niende Uvinza kwenye reli, niingie kwenye mawese Kibirizi, au nisubiri barua hapa hapa Kasulu?

Stoo_Makere (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo, na tafadhali msinipe moyo. Moyo ninao, kilichonishinda ni hesabu.

Mimi ni mtunza stoo wa shirika moja linalofanya kazi kambini Nyarugusu. Naishi Kasulu mjini. Asubuhi tunabebwa na gari hadi Makere, jioni tunarudishwa na vumbi letu. Nina diploma ya ugavi, mke, watoto wawili, na huu ni mwaka wa sita kwenye stoo ile ile. Tangu fedha za Marekani zikatwe mapema 2025 tumeona mashirika ya jirani yakipunguza watu, sisi tukawa tunajifariji kwamba mfadhili wetu ni mwingine. Wiki mbili zilizopita tukaitwa kikaoni na kuambiwa kwamba baada ya Desemba si nafasi zote zitakazobaki.

Mimi nilishajua kabla ya kikao. Mtunza stoo huwa wa kwanza kujua. Kadi ya sabuni tangu Julai ina mistari ya kutoa tu, hakuna hata mmoja wa kuingiza. Salio juzi lilikuwa katoni 41. Rafu ya mablanketi nimeifagia mwenyewe, chini yake nikaokota kalamu niliyoipoteza 2022.

Mezani nina haya:

Uvinza. Jamaa niliyesoma naye yuko kwa mkandarasi msaidizi kwenye reli ya SGR, kipande cha Tabora–Kigoma. Wanatafuta mtunza stoo wa vipuri na dizeli. 950,000 kwa mwezi, mkataba miezi 6, chakula cha mchana juu yao. Ila nianze tarehe 1 Novemba, yaani barua ya kuacha kazi niiandike wiki hii.

Kusubiri. Mshahara wa msingi ni 780,000. Wengine ofisini wanasema tutapata kiinua mgongo, wengine wanasema hatupati hata nauli.

Mawese na dagaa. Shemeji yuko Kibirizi, mwaloni Kigoma, anataka niweke milioni 3 tuwe tunapeleka mzigo Tabora na Mwanza. Akiba yangu ni milioni 1.8.

Ajira portal, ule mfumo wa kuomba kazi za serikali mtandaoni, nimefungua akaunti, lakini hiyo ni ndoano ya kutega usiku, unaiacha unaenda kulala. Nyie mngefanyaje?

Mwisho_wa_Reli

Uvinza unafikiria nini tena mkuu? Kutoka Tabora mpaka Kigoma huku ni kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania treni, hiyo reli haiishi kwa miezi 6. Mkataba ukiisha utaongezwa. Kambi zinafungwa, reli inajengwa. Mimi 2021 nilikuwa kambi ya Mtendeli, tulisubiri "taarifa rasmi" mpaka siku wanang'oa mahema.

Katibu_wa_Tawi

Mwanzisha mada, usiandike barua yoyote kwanza. Kaa chini.

Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwa miaka kadhaa na nimekalia vikao vya kupunguza watu zaidi ya kimoja. Kosa ninaloliona kila mara ndilo hilo unalotaka kulifanya: mtu anasikia fununu, anakimbia mwenyewe, anaacha hela mezani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi kujadili namna ya kupunguza makali, vigezo vya nani aondoke, lini, na malipo. Kifungu cha 42 ndicho cha kiinua mgongo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwako 780,000 gawa kwa 26, unapata 30,000 kwa siku. Miaka mitano iliyokamilika ni siku 35. Hiyo ni 1,050,000. Weka na notisi ya siku 28, likizo ambayo hujaenda, na cheti cha utumishi, ambacho watu hukisahau kisha wanakuja kukililia.

Halafu NSSF. Kuna fao la kukosa ajira: ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwako ni kama 260,000 kwa mwezi. Barua ya kuacha kazi uliyoiandika kwa mkono wako inalifuta lote hilo.

Sasa swali langu, na jibu lake ndilo litakaloamua: mkataba wako ni wa kudumu au wa muda?

Stoo_Makere

Asante sana Katibu. Ni wa mwaka mmoja mmoja. Nilianza Februari 2020 na miezi ya kuanzia, kisha kila Januari tunasaini mwingine. Huu unaisha 31 Desemba.

Katibu_wa_Tawi

Nilikuwa naogopa hilo. Basi narekebisha niliyosema juu.

Wakikupunguza kabla ya 31 Desemba, hesabu yangu inasimama. Wakiuacha mkataba ufe wenyewe, watasema muda umeisha, hakuna kiinua mgongo, kwaherini. Ndiyo maana wengine ofisini wanasema hampati kitu, hawajakosea sana. Soma mkataba wako kama una kipengele cha malipo ya mwisho wa mkataba, mashirika mengi huwa nacho.

Ila kifungu cha 36 kinasema kutohuisha mkataba wa muda pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi kwamba utahuishwa, nako ni kuachishwa. Umehuishiwa mara ngapi mfululizo? Je, kuna kitu chochote cha maandishi kinachoonyesha walikuwa wanakuhesabu mwakani?

Stoo_Makere

Mara tano. Na sasa umenikumbusha, Agosti mkuu wa ugavi alituma barua pepe ya ratiba ya kuhesabu stoo Machi 2026, jina langu lipo kama msimamizi.

Katibu_wa_Tawi

Ichapishe leo, kabla hawajakufungia barua pepe ya ofisi. Kikao cha juzi kimeipunguzia nguvu hoja hiyo, lakini hakijaizika. Na ukiachishwa, malalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, ni ndani ya siku 30. Siku ya 31 unaanza kubembeleza.

Fundi_Grisi

Mimi nilifanya kazi kwa mkandarasi msaidizi kwenye reli, sitamtaja wala sisemi ndiye huyo wa rafiki yako. 950,000 ni tamu kwenye karatasi. Mshahara wa mwezi wa kwanza niliupata mwezi wa tatu. Sababu ni kwamba mkandarasi mkubwa anamlipa mdogo baada ya kazi kupimwa na kupitishwa, mdogo hana mtaji, basi anayesubiri ni wewe. Mwenye duka la vocha alinijua kwa jina la mama yangu, nilivyokuwa nakopa.

Muulize huyo jamaa maswali mawili tu. Mshahara wa Agosti uliingia tarehe ngapi? Na NSSF wanapeleka? Akisema "huwa unaingia tu", umepata jibu.

Stoo ya dizeli nayo ina mambo yake. Lita zinapotea usiku, asubuhi anayetafutwa ni mwenye funguo. Usipokee stoo bila kuhesabu na kupima tenki mbele ya mlinzi na anayekukabidhi, wote watatu msaini. Mimi nilipokea kwa maneno ya mdomo. Siongezi.

Mwisho_wa_Reli

Fundi unamtisha bure. Wapo wanaolipwa kwa wakati.

Fundi_Grisi

Wapo. Ndiyo maana nimesema aulize.

Mama_Madumu

Mwanangu Stoo, mawese nimeanza 2014, naomba unisikilize hili la shemeji.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa madumu 40 ya lita 20, nikapakia fuso kwenda Tabora. Madumu yale nilinunua yameshatumika, kwa macho yalikuwa mazima. Tulipofika, sita yalikuwa nusu. Ufa wenyewe ni kama unywele, ila barabara inalitikisa dumu usiku kucha. Tangu siku hiyo kila dumu nalijaza maji kwanza, nalilaza ubavu kwenye karatasi kavu, nanywa chai. Karatasi ikilowa, ufa nausugulia sabuni ya mche mpaka uzibe, na dumu hilo naliuza hapa hapa, halisafiri.

La pili, maji. Wapo wanaochanganya. Chovya kipande cha karatasi mpaka chini ya dumu, kiwashe. Kikilia pwa pwa pwa kama chumvi motoni, mwambie mwenye mali achukue mafuta yake. Usimnunulie mtu aliyekuwekea dumu tayari limefungwa nailoni, hata akiwa shemeji.

Dagaa usiingie na hela ya kiinua mgongo. Vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, vinavua kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanalala na wewe unalala. Hizo siku hesabu kila mwezi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jambo jema kwa ziwa, lakini niliona wenye mikopo wakiuza injini. Mtu aliyezoea mshahara wa tarehe 28 hawezi kuuvumilia mwezi wa namna hiyo kwa mara ya kwanza huku ana ada ya shule.

Milioni 3 ya nini? Anza na madumu 10. Shemeji akikataa madumu 10, basi alikuwa anaitaka milioni 3, sio wewe.

Mtani_wa_Urambo

Mama umemaliza mchezo 😂. Ninyi Waha njooni Tabora, tumbaku ipo. Makampuni huchukua makarani na watu wa maghala msimu wa soko, kuanzia Aprili au Mei. Tatizo kwako ni kalenda: Januari mpaka Machi tumbaku iko shambani na kwenye mabani, hakuna anayeajiri karani. Andika barua Februari, sio sasa. Na usiweke "nilifanya kazi na wakimbizi" juu kabisa kwenye wasifu wako. Weka "nilisimamia ghala, hesabu ya kila mwezi, upokeaji na utoaji wa mizigo". Kazi ni ile ile, ila mwenye ghala la tumbaku anajiona humo.

Dada_wa_Portal

Niongezee hilo la portal kwa sababu umelidharau. Mimi niliitwa usaili mara tatu, ya tatu nikapata. Mara ya kwanza niliondolewa mapema kwa kupandisha vyeti ambavyo havijagongwa muhuri wa mwanasheria, mara ya pili nilifeli mchujo wa kuandika. Matangazo yanataka vyeti vyenyewe. Slipu za matokeo hawapokei. Barua iwe na sahihi yako, wadhamini watatu wanaopokea simu, na jina kwenye cheti lifanane na la NIDA. Kama jina moja lina "h" na lingine halina, rekebisha sasa hivi ukiwa bado una mshahara wa kulipia kiapo.

Una miaka mingapi? Matangazo mengi yanaishia miaka 45. Na mtu wa ugavi bila usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, nafasi nyingi zinampita pembeni. Ukipata miezi miwili ya kupumua, itumie kwa hilo.

Stoo_Makere

Nina 34. PSPTB nilifanya ngazi moja nikaacha, mtoto alipozaliwa. Nakubali kosa.

Nimepiga hesabu usiku, mke akiwa kando anashika tochi ya simu maana umeme ulikatika. Uvinza miezi 6 ni 5,700,000, toa chumba na nauli za kurudi Kasulu. Kusubiri: Novemba na Desemba 1,560,000, kiinua mgongo 1,050,000 wakikitoa, NSSF 1,560,000. Jumla 4,170,000. Mke akauliza swali moja tu: "Ipi kati ya hizo ina neno *wakitoa*?" Nikamwambia zote mbili.

Katibu_wa_Tawi

Mkeo anafaa kuwa katibu.

Kuna njia ya kati. Kwenye vikao vya mashauriano, unaweza kusema wewe uko tayari kuwa kwenye kundi la kwanza. Mwajiri anapenda sana kusikia hivyo, inampunguzia kazi ya kuchagua. Mnakubaliana tarehe, barua inaandikwa na wao, sababu inayotajwa ni kupunguzwa kazi, malipo yanaorodheshwa. Hiyo haiwi kuacha kazi mwenyewe, mradi barua isiandikwe hivyo. Isome neno kwa neno.

Stoo_Makere (baada ya siku nne)

Mrejesho wakuu.

Nilimuuliza jamaa wa Uvinza swali la Fundi. Mshahara wa Agosti uliingia 19 Septemba, na NSSF wanapeleka, amenitumia picha ya taarifa yake. Sio vizuri sana, sio miezi mitatu pia. Januari wamekataa, ila wanaweza kunisubiri mpaka 1 Desemba.

Kikaoni niliongea kama Katibu alivyonielekeza. Mkuu wa utumishi aliniangalia kama nimempa zawadi. Amesema 30 Novemba inawezekana, kiinua mgongo "watalifanyia kazi". Bado ni maneno ya mdomo. Ratiba ya Machi nimeichapisha, iko chini ya godoro.

Fundi_Grisi

Maneno ya mdomo ndiyo niliyopokelea dizeli.

Stoo_Makere

Nimekusikia kaka. Bila karatasi sipandi gari la Uvinza.

Mama Madumu, Jumamosi nashuka Kigoma. Shemeji amekubali madumu 10, kwa kununa. Nikukute wapi unionyeshe mtu wa madumu mapya?

Mama_Madumu

Njoo Kibirizi kabla ya saa mbili asubuhi, jua likipanda bei nayo inapanda. Uliza mama wa kitenge cha njano, wataniita. Na uje na sabuni ya mche.