Kompresa ya gitaa kwa muziki wa dansi: ya nobu mbili, ya nobu nne, au ya mwanga?

Solo la Pili, Chumbageni

Ndugu wapenzi wa magitaa, habari zenu. Mimi ni mpiga solo la pili katika bendi ndogo ya hapa Tanga ambayo kazi yake kubwa ni harusi, na kwa miezi kadhaa nimekuwa na tatizo ambalo nimeshindwa kulimaliza kwa vidole peke yake. Tukiwa kwenye ubeti, ambapo napiga noti moja moja taratibu nyuma ya mwimbaji, gitaa langu linamezwa na kinanda. Tukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya wimbo iliyochangamka, ambapo mkono wa kulia huongeza nguvu wenyewe bila kuombwa, linaruka juu mpaka fundi mitambo ananikodolea macho. Nikiongeza sauti kwenye amplifaya naponya ubeti na kuharibu chemko, na nikipunguza mambo yanageuka.

Nimeshauriwa ninunue kompresa, yaani pedali (kiboksi cha kukanyaga kwa mguu) inayosawazisha ukubwa wa sauti ya gitaa. (Naomba nisielekezwe tena madukani kwa jina hilo tupu: nilipoulizia kompresa kwenye duka moja pale Ngamiani nilioneshwa mtambo wa kujaza upepo kwenye matairi, na muuzaji alikuwa na hakika kabisa kwamba ndicho nilichokifuata.) Zipo tatu ninazoweza kuzipata. Ya kwanza ni MXR Dyna Comp iliyotumika, ya pili ni Boss CS-3 iliyotumika pia, na ya tatu ni Mooer Yellow Comp, ambayo ni mpya na ndogo kama kiberiti kikubwa. Gitaa langu lina pikapu (vidaka sauti chini ya nyuzi) za singo koili, yaani za koili moja, amplifaya ni ya transista, na pedali nilizonazo ni ovadraivu (ya kukwaruza sauti) na dilei (ya mwangwi) tu. Fedha inatosha moja. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi, na kwa sababu gani?

Nyuzi Sita, Bagamoyo

Kaka, kabla ya kuchagua ni vizuri tuelewane pedali hii inafanya kazi gani, kwa kuwa wengi huinunua wakidhani inaongeza sauti, ilhali kazi yake ya kwanza ni kupunguza. Kuna kiwango, tukiite kizingiti, ambacho sauti ikikivuka huanza kubanwa kwa uwiano fulani. Uwiano ukiwa 4 kwa 1, noti iliyozidi kizingiti kwa desibeli 8 itatoka ikiwa imekizidi kwa desibeli 2 tu. Vilele vikishakatwa namna hiyo, ndipo nobu (kishikizo cha kuzungusha) ya levo, yaani ya sauti inayotoka, inapopandisha kila kitu kwa pamoja, na zile noti zako dhaifu za kwenye ubeti zinajikuta zimesogeleana na zile za chemko. Kwa maelezo uliyotoa, hiyo ndiyo dawa unayoitafuta.

Dyna Comp imekuwapo tangu miaka ya 1970 na ina nobu mbili tu, moja ya kiasi cha sauti inayotoka na nyingine ya unyeti. Kasi ya kubana ilipangwa kiwandani, na ni ya haraka. Ukipandisha unyeti, kila noti inatoka kama imefinywa kwa gumba, halafu inakaa muda mrefu kabla ya kufifia, na nyuzi nyembamba zinapoteza mng'ao kidogo. Wapiga gitaa wa kantri kule Nashville waliipendea tabia hiyohiyo, kwa hiyo siiti kasoro. Ila ni tabia ambayo ukiinunua umeinunua yote, huwezi kuchukua nusu.

CS-3, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1986, inakupa levo, toni, ataki (mwanzo wa noti) na sasteni (kiasi cha kubana, kinachoifanya noti ikae muda mrefu). Kwako wewe nobu yenye thamani ni ya ataki, kwa sababu ukiizungusha kulia inauacha mpigo wa piki (kile kibao kidogo cha kukwanyulia nyuzi) upite ukiwa mkali kabla ya ubanaji kushika. Dansi letu linaishi kwenye mpigo huo. Mpigo ukifa, solo la pili linageuka kuwa kinanda kingine, na kinanda tayari mnacho. Mimi ningechukua CS-3.

Mzee wa Ridhimu, Ngamiani

Wanangu, nimewasoma wote na ninawaheshimu, lakini mnataka kununua kwa fedha kitu ambacho kiko kwenye kiwiko. Mji huu ulikuwa na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star ambavyo navyo viliingiza magitaa ya umeme, na ukisikiliza rekodi zao leo utasikia solo na ridhimu vimekaa sawasawa kama shanga kwenye uzi. Sisi tulifundishwa kupiga kwenye ubeti kwa nguvu ileile ya kwenye chemko, kisha nobu ya sauti iliyo juu ya gitaa ndiyo inayoshushwa na kupandishwa kwa kidole kidogo. Kijana aanze na hapo, na akishindwa ndipo aende dukani.

Nyuzi Sita, Bagamoyo

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu kidole kidogo sina ubishi. Lakini kwa heshima zote niongeze kwamba rekodi hizo nazo zilibanwa, ingawa si kwa pedali. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ikisukumwa karibu na mwisho wake hukata vilele yenyewe, na tepu ya sumaku nayo hufanya hivyohivyo sauti inapoijaza, kwa hiyo usawa tunaousikia ni wa mkono wa mpigaji pamoja na mitambo ya wakati ule. Huyu mwenzetu anatumia amplifaya ya transista, ambayo hairegezi kitu chochote mpaka ifike mahali pa kukwaruza. Kompresa inamrudishia sehemu ya kile ambacho nyinyi mlikipata bila kukiomba.

Mzee wa Ridhimu, Ngamiani

Marahaba. Hilo la valvu ni kweli, zetu zilikuwa zinaunguza mkono ukizigusa. Kidole kidogo kibaki palepale.

Dada wa Kwaya, Muheza

Mimi ninayo hiyo Yellow Comp na nimeitumia kanisani kwa muda wa kutosha, hivyo nitaielezea kama ilivyo bila kuipamba. Ni kompresa ya mwanga. Ndani yake kuna taa ndogo inayowaka zaidi kadiri unavyopiga kwa nguvu, na mbele ya taa hiyo kuna kipingamizi ambacho ukinzani wake hubadilika kwa mwanga, nacho ndicho kinachoshusha sauti. Ni njia ileile iliyotumika kwenye mashine kubwa ya studio iitwayo LA-2A ya miaka ya 1960. Kwa kuwa kipingamizi hicho hakiwezi kushtuka kwa ghafla wala kutulia kwa ghafla, ubanaji wake ni wa polepole, na msikilizaji wa kawaida hatambui kwamba kuna kitu kimebanwa. Kwa kwaya, ambapo napiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ndefu na kuziacha zining'inie hadi ubeti mwingine, sijaona haja ya kitu kingine.

Ina nobu tatu: kiasi cha sauti, kiasi cha kubana, na moja ya toni. Nobu ya ataki haina. Haiingizi betri pia, kwa hiyo bila adapta ni jiwe; umeme ukikatika na jenereta ikachelewa kuwaka, usitarajie kuendelea na amplifaya yako ndogo ya betri kama nilivyokuwa nikifanya zamani.

Kwa noti za harakaharaka za chemko siwezi kukuapia. Ninavyoisikia mimi, noti ya pili huja kabla kompresa haijaachia noti ya kwanza, kwa hiyo mfululizo mzima unakuwa laini. Kuna watakaoupenda ulaini huo.

Fundi Mitambo, Raskazone

Naomba nizungumze kwa niaba ya sisi tunaokaa nyuma ya mikisa, kwa kuwa nimeona mambo ya uchaguzi yamejadiliwa vizuri lakini mambo ya kelele hayajaguswa. Kompresa yoyote, iwe ya bei gani, hupandisha vitu vidogo. Ukinyamaza kati ya nyimbo, kitu kidogo kilichobaki ni mngurumo wa umeme unaodakwa na pikapu zako za singo koili, na pedali inaupandisha kwa uaminifu uleule inaoupandishia noti zako. Kwenye kumbi nyingi za hapa mjini waya wa ardhini ni wa kubahatisha, na taa za mapambo ya harusi zimechomekwa kwenye soketi ileile ya amplifaya. Nimeshasimama ukumbini wakati bwana na bibi harusi wanavishana pete, watu wametulia tuli, na kitu pekee kinachosikika ni gitaa la mtu aliyesahau kuzima kompresa yake.

Kwa hiyo, ipi ina kelele nyingi zaidi ni swali la sasteni umeiweka wapi kuliko jina lililoandikwa juu ya boksi. CS-3 ikizidishwa sasteni inatoa shshshsh ya wazi, hasa toni ikiwa imepandishwa pia. Dyna Comp nayo si malaika. Ya mwanga huwa na utulivu zaidi, ila naamini sababu moja ni kwamba watu hawaibani sana.

Mpangilio nao uangaliwe: gitaa, kompresa, ovadraivu, kisha dilei. Ukiiweka kompresa baada ya ovadraivu utakuwa unapandisha pia kelele za ovadraivu, na isitoshe ovadraivu yenyewe ni mbanaji, kwa hiyo utakuwa unabana kilichokwisha kubanwa. Ujue vilevile kwamba kompresa ikitangulia, ule ujanja wa kushusha nobu ya gitaa ili ovadraivu isafike unapungua nguvu, maana pedali inakirudisha juu kile ulichokishusha. Mzee wetu asinikasirikie, kidole kidogo nacho kinapata mpinzani hapo.

Zipo pia zenye nobu ya kuchanganya sauti iliyobanwa na sauti ghafi, kama Xotic SP na Keeley Compressor Plus, na kwa maoni yangu huo ndio utaratibu bora kuliko yote matatu uliyoorodhesha, kwa kuwa mpigo unatoka upande ghafi na usawa unatoka upande uliobanwa. Bei yake haipo kwenye mfuko uliotuonesha, kwa hiyo ninaitaja tu kisha ninaiacha.

Ombi la mwisho: ukizijaribu, usizilinganishe kwa kujirekodi na simu. Simu nyingi hurekebisha kiwango cha sauti zenyewe wakati wa kurekodi, yaani nazo zina kompresa ndani, na tofauti unayoitafuta itakuwa imeshafutwa kabla hujaisikia. Mwachie mwenzako gitaa, nenda ukasimame mlangoni.

Solo la Pili, Chumbageni

Nawashukuru sana, na mzee wangu shikamoo. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Niliazima CS-3 na Yellow Comp kwa siku tatu (Dyna Comp mwenyewe alikuwa ameshaiuza), tukazijaribu mazoezini kwa wimbo mmoja, bendi nzima ikipiga, na mdogo wangu ndiye aliyeshika gitaa wakati mimi nimesimama uani karibu na tangi la maji.

Kwenye ubeti Yellow Comp ilishinda, na sisemi hivyo kwa adabu. Noti zilikaa juu ya kinanda bila kupiga kelele, na mwimbaji, ambaye hakuambiwa kinachojaribiwa, aligeuka kumwangalia mdogo wangu. Tulipoingia kwenye chemko nikasikia kile alichokisema Dada wa Kwaya: noti zote zilikuwepo, ningeweza kuzihesabu, lakini hazikuwa na meno. Kwa CS-3 mambo yalikuwa kinyume. Ubeti ulikuwa wa kuridhisha tu, na chemko lilikuwa linakata kama wembe mara tu tulipoipeleka ataki kulia.

Nimechukua CS-3. Mpangilio niliobaki nao ni sasteni kwenye saa tatu, ataki saa tisa, toni katikati, na levo kidogo juu ya katikati ili nikiikanyaga sauti isishuke. Kwa faida ya watakaosoma baadaye, saa tatu ninayoisema ni yetu ya Kiswahili, yaani mshale wa nobu umeelekea tarakimu 9 kwenye uso wa saa, upande wa kushoto. Na saa tisa ni tarakimu 3, upande wa kulia. Nilifuata maelezo ya mtu mmoja wiki iliyopita bila kuuliza saa zake ni za wapi, nikaweka sasteni kinyume, na jirani akaja kuuliza kama tumenunua pasi ya mvuke.

Kwenye ubeti ninaizungusha nobu ya gitaa kwa kidole kidogo. Kwa sasteni ya chini namna hiyo bado inasikia amri.

Mzee wa Ridhimu, Ngamiani

Nimekusoma, mwanangu.

Fundi Mitambo, Raskazone

Umechagua vizuri kwa kazi unayoifanya. Adapta iwe ya volti 9 yenye hasi katikati, usichomeke ile ya redio kwa sababu tu inaingia. Na ukirudi nyumbani uchomoe waya wa gitaa kwenye pedali, kwa kuwa waya ukiwa umechomekwa upande wa kuingilia, betri inaendelea kuliwa hata kama taa imezimwa. Mdomo wa jaki uufute kila mara kwa kitambaa kikavu. Hewa ya chumvi ya huku pwani haina huruma.

Solo la Pili, Chumbageni

Nimeamka kwenda kuchomoa. Betri niliyoiweka juzi imeshakufa.