Kivuli kwenye taya la kijana wangu: meno yang'olewe au nisubiri?

Mama Brayo, Umoja
Hamjambo wapendwa. Kijana wangu ana miaka 14. Alipigwa eksirei ya taya zima ili apangwe meno. Hana maumivu, hajavimba, mahindi choma anatafuna pande zote mbili. Lakini chini ya magego ya kushoto kuna kivuli cheusi kimepanda katikati ya mizizi, kama vidole. Kliniki moja ya mtaani imesema ni jino limeoza kwa ndani, magego mawili yatoke Jumamosi. Hayo magego hayana hata tundu! Silali.

Nesi wa Meno
Pole Mama Brayo. Walimgusisha kitu baridi kwenye hayo magego? Uvimbe wa maji unaotokana na jino lililooza huja jino likishakufa. Jino lililo hai husikia baridi.

Mama Brayo, Umoja
Hawakumgusa, waliangalia picha tu. Nimetoa barafu kwenye friji sasa hivi, nikaifunga kwa kitambaa. La kwanza, ameruka. La pili, amenishika mkono. Kulia ni vilevile.

Nesi wa Meno
Basi usikubali yang'olewe bado. Barafu ya nyumbani haitoshi, apimwe vizuri na daktari wa upasuaji wa mdomo. Kivuli kinachopanda katikati ya mizizi, meno yakiwa hai, kwa kijana wa umri huo, mara nyingi ni tundu tupu la mfupa. Lakini picha peke yake haikati shauri. Ameloblastoma, uvimbe unaokula mfupa wa taya, nayo hukaa hapohapo nyuma ya taya la chini, na hiyo si ya kuchezea. Daktari huvuta kwa sindano aone kinachotoka, kisha hufungua, na kikipatikana kinyama kinaenda maabara.

Fundi wa Kariobangi
Mimi nilikuwa nacho nikiwa na 17. Sindano ilitoa maji ya manjano kidogo tu. Walipofungua, shimo halina kitu. Wakakwangua kuta damu ikajaa, wakashona. Mwaka uliofuata eksirei ilionyesha mfupa umejaa. Meno yangu ninayo yote.

Mama Brayo, Umoja
Mungu awabariki. Ya Jumamosi nimeifuta. Jumatatu alfajiri tuko hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, na picha mkononi. Je, hiyo sindano wanatia ganzi kwanza? Ameniuliza mara tatu.

Nesi wa Meno
Wanatia, mama. Mwambie atasikia kusukumwa tu.