Kulaani kwa Kiingereza: "hate", "abhor" au "condemn"?

Langoni_Lamu:
Assalaam alaykum. Kikundi chetu kinaandika tamko la Kiingereza kulaani wanaopiga punda na kuwatwika saruji hali migongo ina vidonda. "We hate" naiona nyepesi. Niweke neno gani zito?

Maalim_Shela:
Wa alaykum salaam ndugu yangu. "Hate", "detest", "loathe" na "abhor" zinaeleza chuki iliyo moyoni. Tamko ni lawama ya hadharani, kwa hiyo chukua "condemn": "We strongly condemn the beating of donkeys." Usitie "against" mbele yake, wala usiandike "we condemn that people beat donkeys", maana kitenzi hiki hakikubali "that". Taja kitendo chenyewe, au mtu kisha sababu kwa "for": "We condemn those owners for beating their donkeys."

Atakayelisoma tamko barazani ajue kuwa n ya mwisho wa "condemn" haitamkwi, ila kwenye "condemnation" inasikika wazi.

"Denounce" nayo inafaa. Nomino yake ni "denunciation", ile o hutoka, na hapo ndipo tahajia huharibika.

Kalamu_Malindi:
Naongezea kwa Maalim. Mkitaka sentensi moja ya uchungu wa moyoni, "abhor" ndiyo rasmi kuliko zote: "We abhor cruelty to animals." Msiandike "we are abhorring" kwa kufuata "tunachukia" yetu. Wakati uliopita r ni mbili: "abhorred".

"Loathe" ina kinyaa ndani yake, lakini ina mtego. Mwisho wake ni dh ya dhahabu. Ikidondoka ile e inabaki "loath", kwa kawaida th ya thelathini, nayo maana yake ni kusita kufanya jambo.

"Despise" iacheni kabisa. Hiyo ni dharau, na hao wenye punda mnataka wawasikilize.

Langoni_Lamu:
Ahsanteni sana. Na "we deplore the owners"?

Maalim_Shela:
Hapana. "Deplore" hulaumu kitendo au hali, si mtu. Sema "We deplore the overloading of injured donkeys." Tena ni laini kuliko "condemn", ina masikitiko. Basi iweke kwenye mizigo, na "condemn" iweke kwenye kipigo. Na "very" isikaribie kitenzi chochote kati ya hivi: ni "strongly condemn", "deeply deplore", "utterly abhor".