Ripoti ya MRI: mwaka jana madoa 9, mwaka huu 14. MS imepamba moto, au ni mashine?

TangaMjini

Wakuu, heshima kwenu. Nina ripoti mbili za MRI ya ubongo za mgonjwa mmoja wa MS (ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) na zinanichanganya.

Ya kwanza ni ya Machi 2024: mashine ya 0.35 Tesla, FLAIR (aina ya picha ya MRI inayoonyesha madoa kwa weupe) ya vipande vya mm 5, bila kontrasti, ile dawa ya kuchoma ya kuonyesha madoa. Imeandikwa madoa 9. Ya pili ni ya Aprili 2025, hospitali nyingine: mashine ya 1.5 Tesla, FLAIR ya 3D ya mm 1, na kontrasti ilichomwa. Imeandikwa madoa 14, hakuna hata moja linalowaka kwa kontrasti. Katikati yake, Septemba 2024, dawa ya rituximab ilianza.

Je, haya matano yaliyoongezeka ni mapya? Dawa imeshindwa? Na kama hakuna linalowaka, mbona ganzi ya miguu imezidi mwezi huu? Uti wa mgongo haujawahi kupigwa picha. Ripoti ya pili haisemi popote kwamba imelinganishwa na ya kwanza.

Chumba_cha_Sumaku

Mkuu, ripoti hizo mbili hazikupimwa kwa mzani mmoja, kwa hiyo hapa 14 kutoa 9 haileti 5.

Anza na unene wa vipande. Kwenye picha ya vipande vya mm 5 mara nyingi huachwa pia nafasi ya mm 1 hadi 1.5 kati ya kipande na kipande. Doa la MS huanza kuhesabiwa likiwa na mm 3. Doa dogo hivyo likiangukia kwenye nafasi, halionekani kabisa. Likiingia nusu tu ndani ya kipande, weupe wake unachanganyika na tishu nzima iliyo jirani, linabaki kivuli ambacho msomaji makini anaweza kukiruka bila kosa lolote. FLAIR ya 3D ya mm 1 haina nafasi hizo. Ongeza na nguvu ya sumaku: 0.35 Tesla inatoa picha yenye chenga nyingi zaidi kuliko 1.5. Ukimhamisha mgonjwa yule yule kutoka mashine moja kwenda nyingine siku ile ile, hesabu itapanda bila ugonjwa kusogea hatua.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na hilo ndilo baya zaidi. Madoa mawili yaliyokaribiana yakikua huungana. Ripoti itasoma "13" badala ya "14" na familia itashangilia, kumbe ugonjwa umeongezeka. Ndiyo maana idadi pekee haitoshi. Ulizia mambo mawili: madoa mapya mangapi, na ya zamani yaliyokua mangapi.

Cha kufanya: tafuta CD zote mbili zenye mafaili ya DICOM, yaani picha zenyewe kamili za mashine. Filamu zilizochapishwa hazifai kwa kazi hii, na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu ndiyo haifai kabisa. Peleka CD kwa daktari wa radiolojia na uombe kwa maandishi alinganishe FLAIR na FLAIR, doa kwa doa, kwa mahali lilipo. Mara nyingi doa linaloitwa "jipya", ukirudi kwenye picha ya zamani unalikuta lipo, hafifu tu.

Neva_na_Mailini

Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza upande wa ugonjwa wenyewe.

T2 na FLAIR, aina mbili za picha za MRI, zinaonyesha madoa ya zamani na mapya kwa pamoja. Mengi yakishatokea hayafutiki, hupungua ukubwa tu, kwa hiyo weupe haukuambii doa ni la lini. FLAIR huzima weupe wa maji ya ubongo, na kwa sababu hiyo madoa yanayogusa ventrikali, vile vyumba vya maji vya katikati, yanaonekana vizuri. Udhaifu wake uko nyuma, kwenye shina la ubongo na ubongo mdogo: hapo maji yanayotembea huweza kutengeneza weupe wa uongo, na madoa ya kweli hufifia. Sehemu hiyo isomwe pia kwenye T2 ya kawaida.

Kontrasti inajibu swali jingine. Doa linapovimba, ule ukuta unaozuia vitu vya kwenye damu visipenye ubongoni unalegea, gadoliniamu (ndiyo hiyo kontrasti) inapita, doa linawaka kwenye T1, aina nyingine ya picha. Kuwaka huko hudumu wiki 2 hadi 8, mara nyingi chini ya 4. (Likiendelea kuwaka kupita miezi 3, daktari inabidi afikirie ugonjwa mwingine.) Picha ya Aprili 2025 basi inasema habari za Februari hadi Aprili tu. Doa lililozaliwa Juni 2024, kabla ya rituximab, lisingeweza kuwaka hadi Aprili, na wala si haki kulihesabu dhidi ya dawa iliyoanza Septemba. Angalieni pia kama kulikuwa na dripu ya steroidi wiki chache kabla ya kipimo. Ile methylprednisolone ya gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, huzima kuwaka, na ukimya wa namna hiyo si ushahidi wa utulivu.

Kilichokosekana hapa ni picha ya mwanzo. Utaratibu mzuri ni kupiga MRI miezi 3 hadi 6 baada ya dawa kuanza, kisha kila ijayo ilinganishwe na hiyo, siyo na ya kabla ya dawa. Haikupigwa, basi ya Aprili 2025 ishike nafasi hiyo. Inayofuata ipigwe baada ya miezi 6 hadi 12, mashine ile ile, mpangilio ule ule. Doa jipya likionekana hapo, sasa mazungumzo ya kubadilisha dawa yana mguu wa kusimamia. Kuitupa rituximab kwa ripoti hizi mbili peke yake ni kosa, na ni kosa la gharama.

Jambo la mwisho upande wa ubongo: uliza madoa 14 yako wapi. Presha, kisukari, kipandauso, sigara na umri navyo huacha vidoa vyeupe, mara nyingi vidogo, vya mviringo, vilivyoelea katikati ya sehemu nyeupe ya ndani ya ubongo bila kugusa ventrikali wala gamba la nje. Ya MS hupenda kugusa ventrikali, yakiwa na umbo la yai na yamesimama wima kutoka ukutani kwake. Huitwa vidole vya Dawson, kwa jina la James Dawson wa Edinburgh aliyeyaeleza mwaka 1916. Hupenda pia kukaa chini tu ya gamba, kwenye shina la ubongo, kwenye ubongo mdogo na kwenye uti wa mgongo. Vigezo vya McDonald vya 2017, vinavyotumika kuthibitisha MS, vilitambua maeneo manne ya madoa: kandokando ya ventrikali, gamba na chini yake, shina la ubongo pamoja na ubongo mdogo, na uti wa mgongo. Marekebisho ya 2024 yameongeza neva ya jicho. Ripoti inayotaja idadi bila mahali imeacha nusu ya kazi.

TangaMjini

Nashukuru sana, mmenifungua macho. CD ya 2024 ipo. Vipi sasa kuhusu miguu?

Neva_na_Mailini

Miguu isisubiri MRI. Kwanza pima mkojo, na kama kuna homa pima malaria. Rituximab inapunguza kinga, na maambukizi ya mkojo yanaweza kufufua dalili za zamani bila doa lolote jipya. Joto hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa neva iliyovuliwa mailini, ala yake ya mafuta, hupitisha taarifa kwa shida zaidi mwili ukipata moto. Ganzi ya zamani inayozidi mchana wa jua kali na kutulia baada ya kuoga maji ya baridi au kukaa kwenye feni, hiyo si shambulio jipya. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi waziwazi, ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, daktari ajulishwe. Miguu ikiishiwa nguvu au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha ndiyo uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono, na nyuzi zote za miguu zinapita humo. Doa la mm 4 hapo linaweza kumyumbisha mtu, wakati doa la mm 10 kwenye ubongo linaweza kukaa kimya miaka mingi. Ndiyo maana MRI ya ubongo iliyotulia na miguu inayozidi ganzi si mambo yanayopingana. Ombeni uti wote, shingo hadi mwisho, T2 pamoja na STIR (aina nyingine ya picha ya MRI), vipande vya urefu visivyozidi mm 3, na vya kukata upana kwenye kila doa linaloshukiwa.

Urefu wa doa ni muhimu kuliko yote. Doa la MS kwa kawaida halifiki urefu wa pingili mbili, na hukaa pembeni. Likipita pingili tatu au zaidi mfululizo, katikati ya uti, fikirieni NMO, ugonjwa mwingine wa kinga unaoshambulia uti wa mgongo na neva za macho, ambayo miongoni mwa Waafrika na watu wenye asili ya Afrika ina uzito kuliko vitabu vingi vya MS vinavyoonyesha. Kipimo chake ni cha damu, kingamwili za akwaporini-4. Kutofautisha ni lazima, kwa kuwa interferoni beta, natalizumab na fingolimod zinazotumika kwa MS zinaweza kuizidisha NMO. Rituximab hutumika kwa zote mbili, hivyo mgonjwa huyu hayuko kwenye hatari hiyo kwa sasa.

Chumba_cha_Sumaku

Kwa kuwa pesa ni za kubana, nipange vipaumbele. Uti wa mgongo mara moja, vizuri. Ubongo wa marudio: FLAIR ya 3D na T2 zinatosha kutafuta madoa mapya, mradi kuna picha ya kulinganisha. Kontrasti kila mwaka si lazima. Ikichomwa, kipimo ni 0.1 mmol kwa kilo, na picha ipigwe dakika 5 hadi 10 baada ya kuchoma. Wakiharakisha, doa linalowaka kidogo linakosekana. Figo zipimwe kwanza kama kuna kisukari, presha au ugonjwa wa figo, na mjamzito asichomwe bila sababu nzito.

Siku ya kipimo vua pini za hijabu, klipu za wigi au nywele za kusukia, na hirizi yenye chuma. Dawa ya kulegeza misuli inywewe kwa saa yake ya kawaida na mto uwekwe chini ya magoti, kwa sababu mguu ukiruka katikati ya FLAIR ya 3D picha yote inaharibika, siyo kipande kimoja. Kwenye picha ya shingo, mgonjwa ameze mate mashine inapokuwa kimya.

Kwenye fomu ya maombi daktari aandike: "MS, rituximab tangu Septemba 2024, linganisha na Aprili 2025", na CD ya zamani iambatanishwe na fomu. Kabla hujaondoka omba CD mpya ifunguliwe kwenye kompyuta yao uone FLAIR yenyewe imo, maana CD zenye ripoti tu, au vipande vichache vilivyochaguliwa, hutolewa mara nyingi.