Nataka kujifunza kuvua bass na mimi niko Mombasa, nianzie wapi?

KijanaKisauni:

Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Jamani nisaidieni maanake huku mtaani nikiuliza nachekwa, naambiwa samaki wako sokoni nenda na pesa zako. Nina muda sasa kila usiku naangalia YouTube wale jamaa wa Marekani wanaovua bass, yule samaki wa kijani mwenye mdomo mpana, wanatupa mnyoo wa mpira pembeni ya magugu wanautingisha kidogo kidogo halafu ghafla rodi inapinda na samaki anaruka juu anatikisa kichwa. Imeniingia damuni wallahi na hata rodi yenyewe sijawahi kuishika.

Kwetu hakuna mvuvi, babangu fundi wa magari na mamangu bahari anaitazama kwa mbali tu, kwa hivyo sina wa kunifunza. Naomba kujua huyu bass yuko huku kwetu, tuseme Tudor kule mikokoni au Mtwapa? Na rodi ya mtu anaeanza ni ipi maana dukani kuna fupi kuna ndefu kuna nene mpaka nikachanganyikiwa nikatoka bila kununua. Na ile minyoo ya mpira inafanya kazi maji ya chumvi au ni pesa ya bure? Lingine, kuogelea najua kidogo tu, msinitume mbali.

ndoana_na_chubwi:

Waaleikum salaam kaka. Nikwambie mapema usije ukakesha Tudor bure, bass huku hayuko. Wa kwenye video ni samaki wa maji matamu, maziwa na mito, baharini haishi. Kenya yuko, ila yuko Naivasha, na hata huko si mwenyeji, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 na wazungu waliotaka mchezo wa kuvua.

Lakini hayo uliyoyaona usiyatupe. Bass ni samaki wa kuvizia, hakimbizi chakula bahari nzima, anajificha kwenye magugu au kwenye gogo anangoja kidogo kipite karibu akimeze. Sasa huku kwetu mwenye tabia hio hio ni tewa, anakaa ndani ya jiwe au chini ya nguzo anangoja. Ile ya kutupa chambo karibu kabisa na maficho, kukitingisha taratibu, kuacha kitulie kidogo halafu kukitingisha tena, inafanya kazi kwa tewa vizuri sana. Hata ile ya kuficha ncha ya ndoana ndani ya mpira, ambayo wenzetu wanaifanya isinase kwenye magugu, wewe itakusaidia isinase kwenye matumbawe, na amini ndoana utapoteza nyingi hapo mwanzo. Tofauti moja tu, bass ukimshika anaruka juu, tewa anarudi shimoni, na akishaingia akatanua mashavu humtoi tena utakata uzi. Kwa hivyo breki ya rili, ile roda ya kuzungushia uzi, kaza kuliko wanavyokaza wao na akigonga tu muinue papo hapo, usimpe nafasi ya kufikiri.

Rodi chukua ya futi saba ngumu ya kati, rili ile ya kawaida inayoning'inia chini ya rodi saizi 4000, nailoni ya paundi 15 hivi. Usinunue ya bei kubwa, chumvi itaila yoyote ile.

BintiKibokoni:

Mimi sikubaliani na rodi kwanza kwa kweli. Kaka yangu wa Kisauni nunua mshipi, yaani nailoni umeizungusha kwenye kipande cha ubao, chubwi la kuuzamisha uzi na ndoana ndogo, basi. Sisi kwetu wote tulianza hivo, mimi na kaka zangu. Ukiwa na rodi unaona ncha inatikisika hujui ni wimbi ni jiwe ama ni samaki, lakini uzi ukiupitisha juu ya kidole cha shahada utamsikia changu akidonoa, tk tk, halafu anaondoka nao. Ukishajua kutofautisha hapo hata rodi ukipewa utaitumia kwa akili. Na ule mpira uweke kando kwanza, chambo ni ngisi au kamba, nenda soko la samaki asubuhi mapema ununue vile vidogo visivyo na wateja, katakata vipande vyembamba. Usiweke nyama kubwa mpaka ndoana haionekani ncha, samaki atakula pembeni akuachie chuma.

Halafu kuna jambo watu wa YouTube hawakwambii kwa sababu kwao halipo. Bass unamshika mdomo kwa kidole gumba kama wanavyofanya na hana neno. Huku usishike samaki usiyemjua! Tafi miiba yake ya mgongoni na ya tumboni ina sumu, ikikudunga utalia na mkubwa wako. Ikitokea tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, sumu yake haipendi moto, na maumivu yasipopungua nenda hospitali. Mkunga ana meno, kata uzi mwache aende. Na bunju, yule anaevimba, ukimpata mrudishe baharini, usimchukue nyumbani eti utamtoa ini umpike sana, sumu yake haiishi kwa kupikwa na inaua.

ami_wa_mashua:

Kijana, wote wamekwambia vifaa hakuna aliekwambia maji. Wale wa kwenye ziwa maji yao yamelala pale pale asubuhi na jioni, wewe bahari yako inatembea, tena siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti baina ya kupwa na kujaa hufika karibu mita nne, hapo ulipotupa ndoana asubuhi alasiri panaelea ngalawa. Ukijua maji, hata kwa kipande cha ubao na ndoana moja utakula samaki, usipoyajua nunua rodi ya dhahabu.

Hesabu mwezi wa kiislamu. Mwezi ukiandama mpaka tarehe 3 au 4, na tena kuanzia 15 mpaka 18, ni bamvua, maji mengi na yana mbio. Ikifika 7, 8, na tena 22, 23, ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Hapa Mombasa siku za bamvua bahari hupwa sana saa nne, saa tano asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, na siku za maji mafu ni kinyume chake. Kila siku inasogea mbele dakika hamsini hivi. Ukishaijua hii huhitaji hata simu ingawa vijana mna jedwali kwenye simu, tazameni.

Samaki anakula maji yakitembea. Yakisimama, yaani yamejaa yametulia au yamekupwa yametulia, kunywa kahawa yako. Kwa wewe mwanafunzi nenda siku za katikati, si bamvua yenyewe maana mkondo utabeba chubwi lako, si maji mafu kabisa. Na hapo Tudor unapopataja, ngoja maji yaanze kutoka. Yakijaa samaki wadogo na kamba huingia mikokoni kula, yakianza kushuka hawana budi kutoka kupitia vile vijito, na mkubwa huwa keshajipanga mdomoni mwa kijito anawangojea. Hapo ndipo pa kutupa, si katikati ya maji mapana ambako kila mgeni hutupa akidhani mbali ndiko kwenye samaki.

Umesema kuogelea unajua kidogo tu, basi usitoke kwenda mwambani kwa miguu maji yakiwa yamekupwa. Watu hutembea mpaka ukingoni wanavua wanasahau, na maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele unakoangalia, yanaingia kwenye mlango wa mwamba na kujaza nyuma yako kwanza, ukigeuka baina yako na ufuo pashakuwa bahari. Na miezi ya upepo wa kusi, wa nne mpaka wa tisa, ufuo wa nje ni wa kuchafuka, vua ndani ya kreki.

wikendi_naivasha:

Mimi mtoto wa Majengo ila kazi iko Nairobi na Naivasha nakwenda nikipata nafasi, kwa hivyo wacha nimjibu kuhusu huyo bass mwenyewe maana mmemkatisha tamaa haraka mno lol. Yuko na anavulika. Ila usitegemee ya kwenye video, wale wanaweka zile bora tu, rekodi ya dunia yenyewe ni kilo kumi na kidogo, George Perry aliivua Georgia mwaka 1932 na haikufikiwa mpaka 2009 Mjapani mmoja, Manabu Kurita, akapata wa uzito huo huo ziwa Biwa. Naivasha kilo moja ni samaki wa kupiga picha.

Huko chakula chake kikubwa ni kamba wa maji matamu, wale wekundu wenye magando walioletwa 1970, kwa hivyo mpira wa rangi ya kahawia au wekundu wa kuiva ukiburuzwa chini taratibu unamdanganya. Pembeni ya mafunjo na kwenye miti iliyozama, asubuhi mapema. Wavuvi wa pale nyavu zao hutoa pia samaki aitwaye kapu (carp), huyo aliingia ziwani miaka ya 2000 hivi akashika nchi. Na boti chukua ya mwenyeji anaejua viboko wanakaa wapi, usisimame ukingoni kwenye majani na rodi yako, kiboko haulizi umetoka Mombasa. Kutoka huko uje mpaka Naivasha ni safari ya siku nzima na gharama, kama hujawahi kufunga hata fundo utakuja kutesekea huku. Jifunze huko kwanza.

KijanaKisauni:

Dah nashukuru sana, ami umenifungua macho mimi nilidhani ni kwenda tu jioni nikitoka kazini. BintiKibokoni nimekuelewa nitaanza na mshipi, rodi nitanunua baadae ndoana_na_chubwi usikasirike. Nmebakiza maswali, fundo lipi la kufunga ndoana maana nimejaribu nyumbani kwa uzi nikivuta linafunguka. Na kuna sehemu mtu hakatazwi? Sitaki kukamatwa na askari siku ya kwanza.

ndoana_na_chubwi:

Sikasiriki, utakuja mwenyewe kwenye rodi baada ya mshipi kukukata vidole lol.

Fundo jifunze hili moja tu, linaitwa palomar. Kunja uzi mara mbili upate kitanzi, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, sasa huo uzi uliokunjwa ufunge fundo la kawaida kama la kamba ya kiatu kabla ya ua, usikaze. Ndoana iwe inaning'inia, chukua kile kitanzi ukipitishe chini ya ndoana yote mpaka ivuke juu ya tundu. Tia mate, vuta ncha zote taratibu, kata mkia. Mate si ushirikina, nailoni kavu ikikazwa hupata joto ikadhoofika hapo hapo kwenye fundo. Lako linafunguka kwa sababu nailoni inateleza si kama uzi wa cherehani. Na ukienda mahali penye mzia weka waya mbele ya ndoana, meno yake nailoni ni tambi.

Mahali: Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyowekwa 1986, ina sehemu mbili. Ile ya ndani, park yenyewe, hairuhusiwi kuvua kitu chochote, mshipi rodi wala mkuki, askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wako. Ile inayoizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Usikisie mpaka uko wapi, uliza ofisi ya BMU, yaani umoja wa wavuvi unaosimamia ufuo, ya ufuo unaokwenda, wavuvi wenyewe watakuonyesha, na hapo hapo uulizie leseni maana ya mvuvi na ya mtu wa kujifurahisha si moja. Kwenye bandari na pale ferry Likoni usitoe mshipi kabisa, meli, mkondo mkali na maaskari.

BintiKibokoni:

Na rodi ukishanunua kila ukirudi ioshe kwa maji matamu, ya kumiminika polepole si ya mpira wa kuoshea gari, yale ya nguvu yanasukuma chumvi ndani ya rili. Legeza breki ndio uiweke. Babako si fundi? Mwombe grisi.

pwaguzi_wa_Likoni:

Mimi swali langu ni huyo tewa akipatikana anapakwa au anakaangwa, haya mengine mtajua wenyewe 😂

BintiKibokoni:

Wa kilo kupanda wa kupaka, nazi nzito na ukwaju, akiwa mdogo kuliko kiganja mrudishe majini wacha akue.

ami_wa_mashua:

Kijana tazama mwezi. Ukifika tarehe 11 au 12 maji yatakuwa yanajaa saa saba au saa nane mchana, kwa hivyo saa tisa yanashuka vizuri na jua bado lipo. Njoo na mshipi wako na ngisi, na viatu vya kukanyagia matope. Usije peke yako, hata kama ni mdogo wako tu wa kushika ndoo.

KijanaKisauni:

InshaAllah ami. Ngisi kiasi gani, nusu kilo itatosha?

ami_wa_mashua:

Robo. Nusu kilo utawalisha kaa.