Mavazi ya Halloween bila gharama kubwa

Mama Rehema: Ndugu zangu, tunaishi Minneapolis, Marekani, na jioni ya tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween, wanangu wawili watapita nyumba kwa nyumba na wenzao, wamevaa mavazi ya kuigiza, wakiomba peremende. Mavazi ya dukani yamenishinda bei. Nina maboksi, kanga kuukuu na cherehani. Naomba mawazo.

Baba Juma: Dada yangu, mwaka jana nilimtengenezea mwanangu daladala kwa boksi la nepi. Nililiondoa kitako, nikatoboa juu pa kupitisha kichwa, nikalipaka rangi nyeupe yenye mstari wa buluu ubavuni, nikabandika sahani za karatasi ziwe magurudumu, na mikanda ya mabegani nikaishona kwa kanga. Alizunguka mtaa mzima akiita "Posta, Posta!" mpaka sauti ikamkauka.

Bi Zuhura: Daladala ni wazo zuri sana. Mwanangu, baridi ya huko ni kali, kwa hiyo pima vazi mtoto akiwa amevaa koti, la sivyo koti litafunika kazi yako yote. Kwa mdogo, kanga moja inatosha mbawa za kipepeo, ila pindo lisiburuzike, kwani maboga ya mapambo yanayowekwa barazani siku hiyo huwa na mishumaa inayowaka ndani.

Mama Rehema: Asanteni sana. Boksi nimelipata, nalikata usiku huu.